Bendera Iliyotandikwa Mezani

Siku mwili wa Masudi ulipoletwa nyumbani, Mwanaidi hakuuona. Aliliona jeneza tu, na jeneza lenyewe lilikuwa limefunikwa bendera ya taifa toka kichwani hadi miguuni. Askari walilishusha kwenye lori la jeshi na kupanda nalo taratibu hadi kwa wakwe zake, kijijini Pahi, upande wa Kondoa, ambako mashamba yamekaa kwenye miteremko mikali hata mgeni hudhani jembe litamrudia mlimaji usoni. Masudi alikuwa askari. Alifia nje ya nchi, kwenye kikosi cha kulinda amani. Mkewe alikuwa bado mwanamke kijana, na mtoto wao mmoja, Naima, alikuwa hajaanza shule.

Kwa kuwa wanawake wa huko hawaendi makaburini, heshima za jeshi zilitolewa uani kabla jeneza halijaondoka. Askari waliishika bendera pembe zote, wakaivuta hadi ikakaza, wakaikunja bila haraka huku watu wote wamenyamaza. Luteni aliyeongoza kikosi, kijana wa Haneti aitwaye Nathanaeli, aliipokea kwa mikono miwili.

Abdulrahim, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshasogea mbele na mikono ameinyoosha. Luteni alisimama mbele yake kidogo, akainamisha kichwa.

"Samahani, kaka. Hii ni ya mjane."

Akampita, akapiga goti mbele ya mkeka alipokaa Mwanaidi.

"Mama, pole sana. Taifa linakukabidhi hii. Usiiweke chini, udongo usiiguse. Haitandikwi mezani, hailaliwi, haivaliwi, wala haiandikwi kitu. Iweke pakavu, panapostahili."

Mwanaidi aliitikia kwa kichwa tu. Maneno yale hakuyasahau tena. Nyuma ya Luteni, Abdulrahim alishusha mikono yake, akajifuta viganja kwenye kanzu. Hakuna aliyemtazama, maana wote walikuwa wanamtazama mjane.

* * *

Baada ya eda, Mwanaidi alikaa Pahi kwa muda, kisha akashuka Dodoma na mtoto wake. Abdulrahim ndiye aliyewapokea. Alikuwa na duka la mabati na saruji, na mjini alikuwa anajulikana. Yeye ndiye aliyemtafutia shemeji yake kiwanja Nzuguni wakati kule bado ni vichaka na miiba, yeye ndiye aliyesimamia mafundi, na paa lilipong'olewa na upepo wa mwezi wa nane alikuja mwenyewe kulirudishia. Lazima hili lisemwe, kwa sababu ndilo lililofanya mambo ya baadaye yaume namna ile. Mtu ambaye hajawahi kukutendea wema hana cha kukusaliti nacho.

Mwanaidi alipata kazi Kizota, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Kazi yake ilikuwa kupepeta mbegu na kuzimimina mashineni, na baadaye kusimamia uchujaji wa mafuta. Ni kazi inayoganda mwilini. Alirudi nyumbani nywele zinanuka mashudu na viganja vinateleza. Rafiki yake pale kiwandani alikuwa Emilia, Mgogo, mama mwenye sauti kubwa aliyekuwa akiingia kila asubuhi na salamu ya kwao, "Mbukwenyi!" iliyoshinda kelele za mashine.

Bendera ilikaa kwenye sanduku la bati chumbani kwake, ndani ya shuka jeupe. Kila mwaka, mwezi aliofiwa, aliitoa ili isiote ukungu. Siku hiyo hakwenda kazini. Alijisugua mikono kwa sabuni na majivu hadi kucha zikawa nyeupe, akafunga kamba chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, akaitundika humo humo kivulini. Hakuitoa nje hata mara moja, maana nje ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, na aliona haifai bendera ya Masudi ipepee pamoja na magauni na taulo. Ilikuwa na doa moja tu kwenye pembe ya rangi ya kijani, doa la kutu dogo kama punje ya mtama, lililoachwa na msumari wa jeneza. Hilo hakujaribu kulifua.

Naima alikua pamoja na sanduku lile. Alipokuwa darasa la pili, mama yake alimkuta ameitoa bendera, amejifunga kifuani kama kanga, anacheza mbele ya kioo. Mwanaidi alimchapa. Alimchapa kwa hasira ambayo hata yeye ilimshtua, kisha akakaa kitandani akalia, na mtoto akasimama pembeni analia vilevile. Hakumchapa tena maishani. Naye Naima hakuligusa tena sanduku, wala hakuuliza habari za baba yake mara nyingi kama zamani.

Alikuwa mtoto mwerevu. Alisoma hadi chuo kikuu, akahitimu, akarudi Nzuguni na cheti chake. Ajira haikupatikana. Alituma maombi huku na kule, akaitwa kwenye usaili wa watu mia na zaidi kwa nafasi moja, akachoka. Mwishowe baba yake mkubwa alimwambia aje dukani kwake awe anamsaidia wateja. Mwanaidi alimshukuru Mungu, akamshukuru na shemeji yake.

* * *

Mwaka wa uchaguzi, Abdulrahim alijitosa kugombea udiwani katika kata ya jirani. Jioni moja alikuja Nzuguni amevaa balaghashia mpya, akakaa sebuleni, akanywa chai hadi ikaisha ndipo akasema.

"Shemeji, nina ombi dogo. Ile bendera ya marehemu. Nataka kuiazima kwa mikutano michache tu."

"Uifanyie nini, shemeji?"

"Watu wajue mimi natoka nyumba gani. Wagombea wenzangu wanajigamba, huyu kajenga zahanati, huyu kachimba kisima. Mimi nina ndugu aliyekufa kwa ajili ya nchi hii. Kuna kisima kinachozidi hapo?"

Mwanaidi aliweka kikombe chake chini. Alikuwa anamheshimu mzee huyu kama kaka yake wa kuzaliwa.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Kila ulichowahi kuniomba nimekupa, na vingi zaidi umenipa wewe. Ila ile si kitu cha kuazimwa. Niliambiwa namna ya kuitunza. Mkutano wa siasa sio mahali pake. Masudi hakufa kwa ajili ya chama."

Abdulrahim alicheka kidogo. "Basi, basi. Nimeuliza tu. Kuuliza si ujinga." Akaaga vizuri, akambusu Naima kichwani, akaondoka.

Mwanaidi alilala kwa amani. Aliona ameelewana na mtu mwelewa.

Wiki zilizofuata Naima alikuwa mkimya. Mama yake alipomuuliza, alisema kazi za dukani zimemchosha. Halafu siku ya Alhamisi Abdulrahim alipiga simu kumwalika Mwanaidi mkutanoni Jumamosi. "Njoo ukae mbele na familia, shemeji. Bila wewe nitaonekana sina watu." Mwanaidi alikubali kwa moyo mweupe. Kumnyima bendera kulikuwa kumempa uzito, na kwenda kukaa mbele aliona ni namna ya kulipa uzito huo. Alimwomba Emilia amsindikize.

* * *

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya soko. Walikuta viti vya plastiki vimepangwa, spika zinapiga muziki, na turubai moja kubwa kwa ajili ya wageni. Kijana mmoja wa itifaki alimshika Mwanaidi mkono kwa adabu, akamkalisha safu ya mbele kabisa. Emilia alikaa nyuma yake.

Mbele yao palikuwa na meza kuu. Juu ya meza, bendera ya taifa imetandikwa, upande mmoja unaning'inia karibu kugusa vumbi. Juu ya bendera, chupa za maji, vipaza sauti, na sinia la zabibu kwa ajili ya wakubwa.

Mwanaidi alikunja uso. Alimgeukia Emilia akasema kwa sauti ya chini, "Hawa watu hawakufundishwa? Bendera wanaifanya kitambaa cha meza."

"Ndiyo siasa hiyo," Emilia akajibu. "Wakishapata watakalia na ngao ya taifa."

Wazo kwamba ni yake halikumjia kabisa. Bendera ziko nyingi. Alikaa akaangalia watu wakija, akaitikia salamu za wazee, akarudisha macho mezani kwa sababu lile jambo lilikuwa linamkera. Kijana alikuja akaongeza chupa. Bendera ikavutika kidogo, na ile pembe ya kijani ikamgeukia.

Doa la kutu lilikuwa palepale.

Mwanaidi alijiambia kwamba kutu iko kila mahali, kwamba misumari iko kila mahali. Wakati anajiambia hivyo, Abdulrahim alikuwa ameshasimama na kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mnaiona hii? Hii haikununuliwa dukani. Hii ndiyo iliyofunika mwili wa mdogo wangu, aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi yenu! Nimeileta mbele yenu ili muione. Na aliyenipa ni mjane wake mwenyewe, shemeji yangu, huyu hapa. Alinikabidhi kwa mikono yake, akaniambia, nenda nayo, ndugu yako atakuwa pamoja nawe. Mama, simama watu wakuone!"

Uwanja mzima ulipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Kijana wa itifaki alimshika Mwanaidi kiwiko kumwinua, naye akainuka, ila hakusimama kupokea makofi. Alitembea moja kwa moja hadi mezani, akashika chupa ya kwanza akaiweka chini, akashika ya pili. Watu walidhani anataka kusema neno, wakazidi kushangilia.

Abdulrahim alishusha kipaza sauti, akamkumbatia begani kama ndugu anavyomkumbatia ndugu, akamnong'oneza sikioni huku bado anatabasamu mbele za watu.

"Usiniaibishe, shemeji. Sikuiba. Aliyenipa ni binti yako."

Mwanaidi aligeuza kichwa. Naima alikuwa amesimama kando ya spika, amevaa fulana yenye picha ya baba yake mkubwa. Macho yao yalikutana. Mtoto hakuonyesha kushangaa. Aliinamisha uso tu.

Kama Abdulrahim angesema ameiba, Mwanaidi angepiga kelele uwanja mzima umsikie. Sasa apige kelele amtaje nani? Alirudishwa kitini. Akakaa hapo hadi mwisho wa hotuba, watu wakija kumpa mkono mmoja mmoja, wakimwambia ana moyo wa pekee, mama wa mfano, na yeye akiitikia "ahsante, ahsante." Baadaye alimwambia Emilia kwamba zile ahsante zilimwuma kuliko uongo wa Abdulrahim, kwa sababu zilitoka mdomoni mwake mwenyewe.

* * *

Nyumbani hakuwasha hata jiko. Alimsubiri Naima kwenye ngazi ya mlango. Naima alifika kabla jua halijazama, ameshavua ile fulana na kuificha kwenye mkoba.

"Shikamoo, mama."

Mwanaidi hakuitikia. "Ulichukua lini?"

"Ulipokuwa kazini. Jumanne."

"Alikuambia nimekubali?"

Naima angeweza kudanganya, na pengine mama yake alikuwa anaomba adanganywe. "Hapana. Nilikusikia ulivyokataa. Nilijua ukiulizwa tena utakataa tena."

"Amekuahidi nini?"

"Nafasi. Akishinda, halmashauri inachukua watu wa mkataba. Alisema atanisemea." Aliukumbatia mkoba wake. "Alisema ataipeperusha kwenye mlingoti, kwa heshima. Sikujua ataitandika mezani, wallahi mama, sikujua. Nilipofika nikaikuta hivyo."

"Ukaikuta hivyo, ukavaa fulana, ukasimama."

"Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu! Ungekuja kunizuia mlangoni! Umeniacha nikakae mbele ya watu kama zuzu, napigiwa makofi kwa kitu ambacho nimekikataa kwa kinywa changu, humu humu ndani!"

Naima alikaa chini palepale vumbini. Aliposema tena, alisema kama mtu anayetoa mwiba uliokaa miaka.

"Mama, mimi baba simkumbuki. Nakumbuka kitambaa tu. Nilikichukua siku moja nikajifunga ili nimsikie alivyo, ukanichapa. Tangu hapo yule si baba yangu tena, ni mume wako, yuko kwenye sanduku. Ba'mkubwa aliponiomba, aliniambia, 'Na wewe ni mrithi, si mama yako peke yake.' Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo."

Mwanaidi alisikiliza. Aliona kuna ukweli ndani yake, na huo ukweli haukumpunguzia maumivu hata kidogo. Kilichomwuma zaidi ni kwamba Abdulrahim alilijua hilo jeraha la mtoto, labda alilijua kuliko yeye mama mtu, na akalitumia kufungulia sanduku.

"Ungeniambia," alisema. "Hata kwa ugomvi, ungeniambia. Tungeitoa pamoja. Wewe umekwenda kuitoa kwa mtu aliyetaka kura."

Hawakusemezana tena siku hiyo.

* * *

Asubuhi yake Mwanaidi alikwenda nyumbani kwa Abdulrahim kudai bendera yake. Aliambiwa mzee ametoka kwenye kampeni. Akaenda dukani, hayupo. Alimpigia simu, ikapokelewa na kijana, akaambiwa mheshimiwa atampigia. Hakupiga. Jumatatu Emilia alifika kiwandani bila ile salamu yake kubwa. Alimvuta Mwanaidi nje ya kelele za mashine.

"Mama Naima, nimeiona. Wameifunga mbele ya pikapu, kwenye boneti. Wanazunguka nayo mitaani, mavumbi yote yanaishia humo. Na jana yale manyunyu yameinyeshea."

Mwanaidi alivua aproni. Hakuomba ruhusa. Waliondoka pamoja na Emilia, wakawafuata watu wa pikapu kwa kuuliza uliza, mtaa hadi mtaa, wakisikia spika kwa mbali na kila wakifika wanakuta wameshahama. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipoliona lile gari likija kwenye barabara inayopita mbele ya kituo cha polisi. Abdulrahim alikuwa amekaa mbele, amenyoosha mkono dirishani anapungia watu.

Wakati huohuo filimbi ikalia.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kituoni askari alikuwa anashusha bendera. Barabara yote ilisimama kama ilivyo kawaida: bodaboda walizima, mama wa vitumbua akaacha mwiko hewani, watoto wa shule wakakaza miguu. Pikapu ikasimama, muziki ukakatwa. Abdulrahim alishuka, akasimama wima kando ya mlango, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu. Mgombea lazima aonekane anaheshimu bendera. Na hapo hapo, kiganja kimoja kutoka gotini kwake, bendera ya Masudi imefungwa kwa kamba za katani kwenye boneti, imelowa ikakauka, nyekundu kwa udongo, pindo moja limechanika kwa upepo.

Mwanaidi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kumfikia. Mwili wote ulimwambia amfikie. Alisimama. Alitazama ile ya kituoni ikishuka polepole hadi mikononi mwa askari, na alisimama wima kama wengine, machozi yakimtiririka hadi shingoni, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa amejifunza na hakuwa tayari kuacha kwa ajili ya mtu huyu.

Filimbi ikalia mara ya pili. Watu wakaanza kutembea. Mwanaidi akaenda kwenye boneti akaanza kufungua kamba.

"Shemeji," Abdulrahim alisema, "si hapa. Twende nyumbani tukaongee."

"Nyumbani nilishakuambia."

"Unafungua mali ya kampeni, watu wanaona!"

Emilia, ambaye hakuwahi kujua kusema kwa sauti ndogo, alijibu kwa wote wasikie: "Mali ya kampeni? Hiyo ilivuliwa juu ya jeneza!"

Askari mwenye cheo, mtu mzima, alisogea kutoka kituoni. Aliitazama boneti, akamtazama mgombea, akamtazama mwanamke aliyekuwa anafungua fundo kwa meno.

"Bendera hii ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu, afande. Alikuwa askari. Mimi ndiye niliyekabidhiwa."

"Ulimpa huyu bwana?"

Mwanaidi alimwona Abdulrahim akimtazama. Halikuwa lile tabasamu la mkutanoni. Alikuwa anamwomba kwa macho.

"Sikumpa," alisema. "Na alipowaambia watu nimempa, alisema uongo."

Afande aliwaingiza ndani. Aliwasikiliza. Alimkemea Abdulrahim kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapendi kukemewa, akamwambia bendera ya taifa si pambo la gari wala si shahidi wa mgombea. Kisha akamgeukia Mwanaidi.

"Mama, kosa lipo. Ukitaka tufungue jalada, tutafungua. Ni uamuzi wako."

Mwanaidi alimfikiria mama mkwe wake, bado yuko hai kule Pahi, mtoto mmoja kaburini, wa pili selo. Alifikiria pia lile paa lililorudishwa. Na alifikiria jambo ambalo hakulisema mbele ya afande: shauri likifunguliwa, atakayeulizwa nani alifungua sanduku ni Naima.

"Nipeni bendera yangu," alisema. "Mengine sitaki."

Abdulrahim alipotoka nje alipanda gari bila kumshukuru.

* * *

Kabla wiki haijaisha simu zilianza kuingia kutoka Pahi. Shangazi, binamu, mjomba wa marehemu. Wote walikuwa wamepata habari moja: kwamba Mwanaidi amempeleka shemeji yake polisi, amtupe jela siku chache kabla ya uchaguzi, kwa ajili ya kitambaa. Baada ya yote aliyomfanyia! Mama mkwe alipiga mwisho. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, sikutegemea," akakata. Mwanaidi, aliyekuwa amemwokoa mtoto wa bibi huyu asilale selo, alibaki ameishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Abdulrahim alishinda. Alishinda kwa kura nyingi. Katika sherehe yake kulikuwa na ng'ombe na mchele, na familia nzima ilialikwa isipokuwa nyumba moja ya Nzuguni. Ile nafasi ya Naima haikutokea. Alipokwenda kumkumbusha, diwani mpya alimwambia kwa upole kwamba kwa jinsi mama yake alivyofanya, itakuwa vigumu watu kuelewa. Kazi ya dukani nayo ikaisha. Naima aliaga, akaenda Singida kufundisha shule ya binafsi.

Bendera Mwanaidi aliifua kwa maji ya baridi, mara nyingi, bila kuisugua. Udongo wa Dodoma haukutoka wote. Pindo alilishona, kisha akalifumua, kwa kuwa aliona anaficha jambo. Hakujua la kufanya na bendera iliyochakaa, na kuirudisha ndani ya nyumba yake hakutaka tena. Nyumba yenyewe ndiyo iliyoitoa. Alirudi kwa yule afande kumwuliza. Akaambiwa aipeleke kikosini, wao wanajua namna ya kuistiri bendera iliyomaliza kazi yake.

Alikwenda na Emilia, asubuhi, wote wamevaa vizuri. Kijana wa langoni aliwasikiliza, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja akavaa kofia yake vizuri kabla ya kunyoosha mikono. Hakuuliza imekuwaje hadi ikawa hivyo. Aliuliza jina la marehemu na cheo chake, akayarudia kwa sauti, kisha akauliza kama mama angependa kupewa nyingine, wamwombee.

"Hapana, mwanangu," Mwanaidi alisema. "Nyingine haitakuwa ile."

Naima alikuja Idi. Alileta kuku na mchele, akapika pilau mwenyewe, wakala wawili, na alasiri jirani walipomaliza kupita kusalimia walibaki sebuleni, kila mmoja na kikombe chake.

"Mama," Naima alisema, "umenisamehe?"

Mwanaidi alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa alitaka asiseme uongo.

"Kukusamehe nilikusamehe siku ile ile, vumbini. Kukuamini bado, mwanangu. Sijui inarudije."

Naima aliitikia kwa kichwa. Alikusanya sahani, akazitoa uani kuziosha, na mama yake akamfuata na ndoo ya maji.